Kuwatazama na kuwarekodi minyoo wa mirija baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanawahusu watu wanaotaka kuwatazama minyoo wa mirija katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwa, na kuwarekodi kwa kamera. Wengi wanaouliza wameshawaona wakichanua kwa mbali, kisha wakafika na kukuta mwamba mtupu. Ndiyo maana majibu marefu hapa yanahusu namna ya kumkaribia mnyoo, na ya kamera ni mafupi zaidi. Kamera ya bei nafuu mikononi mwa mtu aliyetulia huleta picha nzuri kuliko kamera ghali mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Hawa ni wanyama gani hasa?

Ni minyoo wa kweli, jamaa wa mbali wa nyungunyungu wa shambani, ila wanaishi ndani ya mrija waliojijengea wenyewe na hawatoki humo maisha yao yote. Unachokiona nje ni shada la kichwani tu. Shada hilo hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupumua, na hukamata chembe za chakula zinazoelea majini. Kila unyuzi umejaa vinywele vidogo sana viitwavyo silia, ambavyo husukuma maji na kuzipeleka chembe hadi mdomoni, katikati ya shada.

Kwetu utakutana zaidi na familia mbili. Serpulidi hujenga mrija mgumu wa chokaa, na wengi wao wana kifuniko cha kuzibia mlango wakishaingia ndani. Mnyoo wa mti wa Krismasi, mwenye mashada mawili yaliyojisokota kwenda juu, ni wa familia hii. Sabelidi hujenga mrija laini wa ute uliochanganyika na matope au mchanga, hawana kifuniko, na shada lao hufunguka duara pana kama mwavuli, mara nyingi lenye mistari ya kahawia na nyeupe.

Nitawakuta wapi?

Tafuta kwanza matumbawe ya jenasi Porites, yale mabonge makubwa ya mviringo yenye rangi ya njano iliyofifia, kahawia au zambarau hafifu, ambayo kwa mbali huonekana kama jabali lililopakwa rangi. Minyoo wa mti wa Krismasi huyapenda sana. Bonge moja laweza kubeba makumi yao, wa buluu, wekundu, weupe, wa njano na wenye rangi mbili, wote wa jamii moja. Rangi peke yake haimtofautishi mmoja na mwingine kispishi.

Maeneo yanayofikika kirahisi ni miamba ya Chumbe na Mnemba huko Unguja, Misali upande wa Pemba, Ghuba ya Chole huko Mafia, na kwa Kenya hifadhi za Watamu, Malindi na Kisite. Sabelidi usiwatafute juu ya bonge. Angalia nyufa, kivuli cha mwamba, nguzo za gati, na pale majani ya bahari yanapokutana na mawe. Maji yenye uvumbi kidogo hayawasumbui. Huko ndiko chakula kiliko.

Lazima nijue kuzamia kwa mtungi?

Hapana. Porites huota hata kwenye mita 2 au 3 za maji, na kwa miwani, snorkeli na mapezi utaona mengi. Huko Chumbe wageni huogelea juu juu tu. Kuzamia kwa mtungi kwa starehe hakuruhusiwi. Mtungi una faida moja kubwa: unakupa muda wa kutulia mahali pamoja. Anayeshuka kwa pumzi yake ana nusu dakika ya kazi, na mnyoo akijificha hiyo nusu dakika imekwisha.

Kama huna cheti cha uzamiaji, usikubali kupewa mtungi na mtu anayekwambia "ni rahisi tu". Soma kwanza. Kanuni ya kwanza ya kozi, kutozuia pumzi wakati wa kupanda, ndiyo inayookoa mapafu yako, na mtu anayekodolea macho kioo cha kamera huisahau upesi.

Ni msimu gani na maji gani yanafaa?

Muulize nahodha kabla ya kuangalia programu ya simu. Kwa ujumla, kusi inapovuma kwa nguvu, kati ya Juni na Agosti, bahari huchafuka na upande wa mashariki wa visiwa huwa mgumu. Oktoba na Novemba, upepo unapotulia kati ya kusi na kaskazi, maji huwa safi sana. Februari na Machi pia ni miezi mizuri. Masika hushusha matope ya mito, na karibu na midomo ya Rufiji au Sabaki hutaona mbali.

Jambo linalosahaulika ni mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 4, mikondo hukimbia na mchanga hutibuka. Chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Ndani ya siku hiyo, shuka maji yanapokaribia kujaa, kwa sababu hayo ni maji yaliyotoka bahari kuu. Mimi napendelea dakika za mwisho za maji kujaa kuliko maji yaliyosimama kabisa: mkondo ukiwepo kidogo, vumbi unalolitibua linaondoka badala ya kuning'inia mbele ya lenzi.

Kwa nini wanajificha kabla sijafika?

Kwa sababu wamekuona, na wamekusikia.

Minyoo hawa wana macho kwenye shada lenyewe. Kwa mnyoo wa mti wa Krismasi macho hayo yako karibu na shina la shada, na kwa baadhi ya sabelidi yako kwenye ncha za nyuzi. Hayatengenezi picha kama macho yetu. Kazi yake ni kutambua giza linaloongezeka ghafla, kwa maana ya kivuli cha samaki anayekuja kuuma. Mkono wako, kamera yako, kichwa chako dhidi ya jua, vyote ni kivuli cha adui. Pamoja na hayo wanahisi mtikisiko wa maji. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, kwa hiyo mtungi uliogonga jiwe au pezi lililopiga kwa nguvu huwafikia papo hapo.

Ukishangaa wanavyowahi, sababu iko kwenye mishipa yao ya fahamu. Wengi wana unyuzi mmoja mnene wa neva unaopita urefu wa mwili na kuamuru misuli yote ijikunje kwa pamoja. Kwa sabelidi aitwaye Myxicola unyuzi huo hufikia unene wa karibu milimita 1, mkubwa kiasi kwamba wanasayansi wameutumia kwa miaka mingi kuchunguza jinsi umeme wa neva unavyofanya kazi. Jicho lako haliwezi kufuatilia mwendo huo. Unaona shada, kisha unaona tundu.

Basi nimkaribie vipi?

Anza kumsogelea ukiwa mbali, mita 3 au 4. Mchague mmoja kabla hujaondoka hapo, kwa sababu ukianza kuchagua ukiwa juu yao, wote watafunga. Angalia jua liko wapi, kisha zunguka hadi kivuli chako kiangukie nyuma yako, mbali na bonge. Saa za asubuhi na alasiri, jua likiwa limeinama, jambo hili linataka uangalifu zaidi kuliko adhuhuri, maana kivuli chako ni kirefu.

Shuka hadi usawa wa mnyoo. Hili lina faida mbili. La kwanza, aliye usawa mmoja naye hamtupii kivuli kutoka juu, na hatari nyingi anazozijua hutoka juu. La pili ni la picha yenyewe: ukirekodi kutoka juu unapata kidoa cha rangi, ukirekodi kutoka ubavuni unapata misokoto miwili iliyosimama na maji ya buluu nyuma yake.

Sogea kwa vidole vya miguu, pezi likisukuma kidogo kidogo. Elekea kinyume cha mkondo, ili povu na vumbi lako liende nyuma. Pumua taratibu, na usitoe pumzi yote kwa mkupuo ukiwa karibu, kwani povu lina mngurumo. Kamera iwe imeshanyooshwa mbele tangu mbali. Mkono unaonyooshwa ghafla ukiwa sentimita 40 kutoka kwa mnyoo ndio unaoharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Vivyo hivyo tochi: iwashe ukiwa mbali, uje nayo ikiwaka.

Kama hujui kuelea bila kupanda wala kuzama, acha kamera ufukweni kwanza. Nasema hivi kwa moyo mweupe. Mtu anayejishikilia kwenye tumbawe ili apate picha anavunja kilichoota kwa miongo.

Ameshajificha. Nisubiri muda gani?

Mara nyingi dakika moja, wakati mwingine chini ya hapo, wakati mwingine kadhaa. Hata yeye ana hasara akijifungia: akiwa ndani hali, na hewa anayopata ni kidogo. Kwa hiyo atatoka, kwanza kifuniko, kisha ncha za nyuzi zikiwa zimekunjwa, halafu shada linafunguka polepole. Kufunguka huko ndiko kipande kizuri kuliko vyote, na hukipati usipokuwa umeshatulia na kamera ikirekodi tayari.

Watafiti wameona pia kwamba vivuli vinavyojirudia bila madhara huwafanya minyoo wa aina hii wapunguze kujificha, wanazoea. Ukikaa mahali pamoja kwa utulivu, mnyoo wa tatu au wa nne unayemsogelea kwenye bonge lile lile huwa mvumilivu zaidi. Anayerukaruka kutoka bonge hadi bonge huanza upya kila mara.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kutokuwepo. Weka kamera ndogo juu ya stendi nzito kwenye mchanga, ielekeze, ianze kurekodi, kisha ondoka mita kadhaa. Utawaona wakiwa wamechanua wote, kaa wadogo wakipita katikati yao, samaki wakidonoa tumbawe. Hayo ndiyo maisha yao mtu asipokuwepo, nami nayathamini kuliko picha yoyote ya karibu.

Nitumie kamera gani?

Iliyo ndani ya uwezo wako, ukijua mpaka wake. Kamera za michezo kama GoPro zina fokasi isiyobadilika, na chini ya sentimita 30 hivi picha hupoteza ukali. Mnyoo wa mti wa Krismasi ana shada la sentimita 2 hadi 4 tu, kwa hiyo ataonekana mdogo, isipokuwa uongeze lenzi ya makro, ya kukuza vitu vidogo, inayobandikwa mbele. Kamera ndogo zisizopitisha maji, kama Olympus TG-6, hukaribia hadi sentimita 1 na hufika mita 15 bila kasha la ziada. Simu ndani ya mfuko wa plastiki inafaa kwa maji ya kiunoni, si zaidi. Mifuko hiyo huwasaliti watu.

Kumbuka pia kwamba kupitia kioo bapa, vitu majini huonekana karibu zaidi kwa robo ya umbali na vikubwa zaidi kwa theluthi. Unadhani umefika, kumbe bado.

Mbona wekundu wote unakuwa kahawia kwenye video?

Maji humeza mwanga mwekundu kwanza. Kwenye mita 5 sehemu kubwa imekwisha, na kwenye mita 10 mnyoo mwekundu anaonekana mweusi. Programu ya kuhariri haiwezi kurudisha rangi ambayo haikuingia kwenye lenzi. Leta mwanga wako: tochi ya video yenye mwanga mpana, iliyo ndani ya mita 1 kutoka kwa mnyoo. Iweke pembeni, isiwe sambamba na lenzi, ama sivyo kila chembe ya vumbi itang'aa mbele ya picha. Kwenye kina kisichofika mita 3, zima tochi na utumie jua.

Mipangilio ya video je?

Rekodi kwa fremu 60 kwa sekunde. Ukitaka kuonyesha mnyoo akijifunga, fremu 120 au 240, la sivyo tendo zima linaingia kwenye fremu chache. Funga fokasi ukishaipata. Fokasi ya kujiendesha hupapatika shada linapotikisika. Zima flashi. Acha kila kipande kiwe na sekunde 20 bila kusogeza kamera, na mhariri atakushukuru.

Naweza kumgusa kidogo ili nipate picha akijifunga?

Hapana. Naelewa kwamba video za vidole vinavyopitishwa juu ya minyoo zinapendwa sana. Lakini kila kidole kinachopita kinampotezea chakula na hewa, na siku ya wageni wengi bonge moja hupitiwa na makumi ya vidole. Samaki hupita mara nyingi, kitatange na pono hawakosi. Subiri, mnyoo atajifunga kwa sababu zake, na utakuwa na picha ya kweli.

Pengine umri wao utakushawishi. Huko Okinawa, Japani, watafiti waliopima mirija kwa kuhesabu tabaka za ukuaji za tumbawe walikadiria kwamba baadhi yao wameishi zaidi ya miaka 40. Huyo unayetaka kumgusa anaweza kuwa mkubwa kuliko wewe.

Si wanatoboa na kuua tumbawe?

Dhana hii imeenea, na si sahihi. Lava, yaani mnyoo mchanga anayeelea majini, hutua juu ya tumbawe, huanza kujenga mrija wa chokaa, na tumbawe linaendelea kuota kuuzunguka. Ndiyo maana mrija unaonekana kama umechimbwa. Katika Great Barrier Reef ya Australia iliwahi kuonekana kwamba sehemu ya Porites iliyo jirani na minyoo hawa ilibaki hai baada ya kiti cha pweza mwenye miiba, yule mla matumbawe, kupita na kula sehemu nyingine.

Tumbawe linapopauka kwa joto, kama ilivyotokea sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi magharibi mwaka 1998, mnyoo habadiliki rangi, kwa kuwa rangi yake haitokani na mwani unaoishi ndani ya tumbawe. Ukikuta bonge jeupe lenye minyoo wa buluu na wekundu, rekodi kwa uangalifu, andika tarehe na kina, na uwapelekee wasimamizi wa hifadhi. Video hiyo ina thamani kuliko uzuri wake.

Nahitaji kibali?

Ndani ya hifadhi unalipa kiingilio, na kwa filamu ya biashara unahitaji kibali cha ziada. Tanzania Bara, hifadhi za bahari ziko chini ya sheria ya mwaka 1994, na Mafia ndiyo iliyotangulia kutangazwa, mwaka 1995. Kenya ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Zanzibar ina taratibu zake. Uliza kabla ya kusafiri, na nje ya hifadhi zungumza na kamati ya wavuvi ya kijiji. Wao ndio wenye macho baharini kila siku.

Kuna hatari gani?

Minyoo wa mirija hawaumi. Jirani zao ndio wa kuogopa: matumbawe ya moto yanayounguza ngozi, minyoo watambaao wenye manyoya meupe yanayochoma kama upupu, wanyama wa miiba mirefu myeusi, na samaki wenye sumu wanaojifananisha na mawe. Kabla ya kuweka stendi au goti kwenye mchanga, angalia mara mbili. Vaa fulana ya mikono mirefu.

Wale wakubwa wekundu wa kina kirefu, nao wako kwetu?

Unamaanisha Riftia, mwenye urefu unaopita mita 2. Vituo vyake viko mashariki mwa Bahari ya Pasifiki. Aligunduliwa mwaka 1977 karibu na Galápagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, na watu waliokuwa ndani ya Alvin, chombo cha utafiti kinachozama kina kirefu. Hana mdomo wala utumbo. Analishwa na bakteria walio ndani ya mwili wake, wanaotumia kemikali za chemchemi za moto. Bahari ya Hindi nayo ina chemchemi kama hizo, ikiwemo Kairei iliyogunduliwa mwaka 2000, lakini Riftia hayupo huko. Konokono na kamba ndio wametawala.

Na mirija myeupe inayoota chini ya mashua?

Hao ni serpulidi pia, aina ndogo zinazoshika kamba, maboya, chuma na mbao. Wanakwaruza mikono ya wasuguaji na kupunguza mwendo wa chombo, ila hawali mbao. Anayekula mbao ni mwingine, kiumbe wa jamii ya chaza mwenye umbo la mnyoo, na ni kwa ajili yake mababu walipaka deheni. Kwa anayejifunza kurekodi, boya la zamani bandarini ni shule nzuri: maji mafupi, minyoo wengi, na hakuna tumbawe la kuvunja.

Nitajuaje ni spishi gani?

Piga picha ya shada kutoka ubavuni, kisha ya mdomo wa mrija, na juu ya yote ya kifuniko. Kwa minyoo wa mti wa Krismasi kifuniko, chenye vijipembe vinavyotofautiana, kinasema mengi kuliko rangi. Vitabu vya zamani huwaita wote Spirobranchus giganteus, jina lililotokana na maelezo ya mwanasayansi wa viumbe Pallas ya mwaka 1766. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba huyo ni wa Karibi, na wa kwetu wako katika kundi la Spirobranchus corniculatus. Ukipakia picha zako iNaturalist, tovuti ya kurekodi na kutambua viumbe, andika kina, mahali, aina ya tumbawe na kama mrija ni mgumu au laini. Mtaalamu aliye mbali hawezi kuubonyeza mrija kwa niaba yako, wala wewe usiubonyeze. Mng'ao wa chokaa kwenye picha unatosha kumwambia.